Usiseme "Ni Kweli" Kwa Sababu ya Adabu

Kijana wa Soin, wa Sigowet, wa Litein, wa Sotik, hii ni yako. Na wewe wa Kisauni ama Eastleigh usipite, maana kizimba ni kile kile.

Swali la kwanza kortini ni fupi: ni kweli ama si kweli? Karani amesoma mashtaka mbio mbio kama makanga anayetaja stendi. Nyuma yako wengine wanangoja zamu. Umelala selo, hujaoga, na umelelewa kwamba mkubwa akikuuliza unajibu kwa heshima. Unasema, "Ni kweli mheshimiwa, lakini..." Hiyo "lakini" ndiyo kesi yako yote. Ikikosa kuandikwa, umekwisha.

Chukua mfano. Umegombana na mtu pale kituo cha kuuzia majani chai. Amekujia na panga, ukamwahi na rungu, akaumia. Unashtakiwa kumpiga na kumjeruhi, kosa ambalo kifungo chake kinaweza kufika miaka 5. Ukijibu "ni kweli nilimpiga, alikuwa na panga", hujakiri kosa. Umesema ulijikinga, na kujikinga ni utetezi. Jibu hilo linafaa kuandikwa kwamba umekana, mashahidi waje, kesi isikilizwe. Hayo si maoni yangu. Mwaka 1973 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliamua kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, na mpaka leo korti za Kenya zinapimwa kwa uamuzi huo. Usomewe shtaka na kila kiungo chake kwa lugha unayoielewa. Jibu lako liandikwe kwa maneno yako mwenyewe kadiri inavyowezekana. Kisha kiongozi wa mashtaka aeleze mambo yalivyotokea, na wewe upewe nafasi ya kuyapinga. Ukiyapinga, inaandikwa umekana.

Sasa sikia ubaya wake. Kifungu cha 348 cha sheria ya utaratibu wa kesi za jinai kinasema ukikiri mwenyewe mbele ya hakimu, huwezi kukata rufaa kupinga hatia. Unabaki kulalamikia adhabu tu, kwamba ni kubwa mno ama si halali. Mlango mdogo unaobaki ni kuonyesha Mahakama Kuu kwamba kukiri kwenyewe kulikuwa na kasoro, kwamba hukuelewa. Utaonyesha kwa nini? Kwa faili ile ile iliyoandikwa "ni kweli" peke yake. Na rufaa ina siku 14.

Watakwambia kutojua sheria si utetezi. Sawa, tumesikia. Lakini kutoelewa lugha ya kesi ni jambo lingine kabisa, na Katiba ya 2010 imelisema waziwazi. Kifungu cha 49: ukikamatwa, uambiwe sababu mara moja kwa lugha unayoielewa. Kifungu cha 50: kama huelewi lugha ya kesi, upewe mkalimani bila malipo. Awe wa Kipsigis, wa Ekegusii, wa Dholuo ama wa Kisomali. Huombi hisani hapo. Sema: "Mheshimiwa, sielewi hiyo lugha, naomba mkalimani." Halafu nyamaza ungoje.

Wako mawakili wanaosema Kiswahili hakitoshi kwa mambo ya sheria. Hii hoja imenichosha. Sheria yetu yenyewe inasema lugha ya mahakama za chini ni Kiingereza au Kiswahili. Jirani zetu Tanzania walibadilisha sheria mwaka 2021, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama zao. Maneno yapo: kukiri, kukana, mdhamini, rumande, hati ya mashtaka. Kinachokosekana ni mtu kukaa chini na mshtakiwa dakika tano amweleze.

Lakini na sisi tunalo neno moja linaloharibu mambo. "Ameachiliwa." Redio inasema ameachiliwa, kurasa za mtandaoni zinaandika "haki imepatikana", mama anapiga vigelegele. Ameachiliwa vipi? Anaweza kuwa ameachiliwa kwa dhamana, na hapo kesi ndiyo kwanza inaanza. Anaweza kuwa ameachiliwa kwa sababu upande wa mashtaka umeondoa kesi chini ya kifungu cha 87(a), kabla hajaitwa kujitetea. Huyo anaweza kukamatwa tena kwa jambo lile lile, hata akiwa bado kwenye ngazi za korti. Ama korti imepima ushahidi ikamwona hana hatia, na huyu peke yake ndiye ameachiliwa huru. Neno ni moja na hali ni tatu.

Na gharama yake hulipwa na mzee wa nyumbani. Baba ameweka hati ya shamba kortini awe mdhamini wako. Wewe umesikia "umeachiliwa", umepanda gari kwenda kutafuta kazi Nakuru ama Gulf. Siku ya kesi hupo. Kibali cha kukukamata kinatolewa, na baba anaitwa aeleze kwa nini dhamana isichukuliwe. Kesi inayoweza kula shamba la ukoo ilianzia kwenye neno hilo moja.

"Ana kesi ya kujibu" nalo mtaani linasikika kama hukumu. Sivyo. Maana yake ni kwamba ushahidi wa mashtaka unatosha kumtaka ajitetee, na hata hapo anaweza kunyamaza. "Kesi itatajwa" maana yake siku hiyo hakuna shahidi atakayesikilizwa. Kwa hivyo usiombe ruhusa kwa mashahidi wanne na kuwalipia nauli kutoka Soin kupanda hadi Kericho, ili wasikie tarehe nyingine. Uliza kabla ya kutoka kortini: ni ya kutajwa ama ya kusikilizwa?

Lingine ambalo polisi hawatakuimbia. Kifungu cha 49(2) cha Katiba kinakataza mtu kuwekwa rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini tu ama kifungo kisichozidi miezi 6. Kuleta fujo kwa njia ya kuweza kuvunja amani, lile shtaka la kila wikendi, kifungo chake ni miezi 6. Hesabu mwenyewe.

Kuna wanaodhani haya ni mambo madogo ya kamusi. Sisi wa Kericho tunajua vizuri zaidi. Mwaka 1934 mkoloni alitunga sheria ya kuwahamisha Laiboni, na watu wa ukoo wa Talai wakatolewa kwao wakapelekwa Gwassi. Kuhamisha, kama kabati. Na Waislamu wa Eastleigh hawajasahau Aprili 2014, maelfu walipozolewa kwenye msako na wengi kuzuiliwa uwanja wa Kasarani, uwanja wa mpira uliotangazwa rasmi kuwa kituo cha polisi. Walibadilisha jina la mahali, na mahali pakawa halali.

Kwa hivyo madai yetu kwa kamati ya watumiaji wa mahakama Kericho, Bomet na Sotik ni haya: maneno kumi ya kwanza ya korti yabandikwe mlangoni kwa Kiswahili na Kipsigis, na hakuna mtu kujibu shtaka kabla ya kuulizwa anaelewa lugha gani, na jibu lake liandikwe. Nyinyi kazi yenu ni kwenda. Kesi husikilizwa hadharani, huhitaji kuwa ndugu wa mtu kuingia. Jumatatu asubuhi ndiyo foleni ya waliokamatwa wikendi. Nendeni watatu watatu, simu zimezimwa, daftari mkononi, mwandike kila anayesema "ni kweli, lakini".