Ramani Isiyo na Wenyeji

Katika shule zetu za msingi mtoto hufundishwa kuchora ramani kwa utaratibu ambao nimeutetea maisha yangu yote ya kazi. Huanza na ramani ya darasa: mlango, ubao, meza ya mwalimu na dawati lake mwenyewe. Kisha huchora eneo la shule, halafu kijiji au mtaa, na baadaye sana ndipo huonyeshwa wilaya, nchi na dunia. Walimu waliopita mikononi mwangu katika chuo cha ualimu waliambiwa jambo hilo mapema kabisa: mtoto aanze na mahali anapoweza kwenda kuhakikisha kwa miguu yake. Ndiyo maana nashangaa kuona kwamba mtoto huyo huyo, akikua na kufika chuo kikuu na kuanza kozi ya utangulizi wa ramani za kompyuta, anafundishwa kinyume chake kabisa.

Katika miaka ya karibuni nimezungumza na vijana kadhaa waliosoma kozi hiyo, wengine wajukuu zangu, wengine watoto wa majirani. Vyuo vyao sitavitaja, kwa sababu ugomvi wangu si na chuo bali ni na mtindo wa kufundisha, na mtindo huo umeenea. Masimulizi yao yanafanana kama watoto wa tumbo moja. Wiki za mwanzo ni mihadhara juu ya maana ya mfumo wa taarifa za kijiografia. Kisha huja mazoezi. Wanafunzi watatu au wanne huketi mbele ya kompyuta moja, umeme ukiwepo, na hupewa faili zilizokwisha kuandaliwa na mwandishi wa kitabu cha ng'ambo: mipaka ya kaunti za Marekani, barabara za mji ambao hakuna hata mmoja wao atakayeukanyaga. Bonyeza hapa, tabaka la mito litokee. Bonyeza pale, rangi zibadilike. Mwisho wa muhula kila mmoja huwasilisha ramani yenye kichwa, dira, skeli, ufunguo na fremu, naye husahihishwa kwa unadhifu wake.

Kijana mmoja aliniambia kwamba alipata A kwa ramani ya mito ya jimbo la Colorado. Nikamwuliza, mto mmojawapo unamwaga maji yake wapi? Akacheka. "Babu, hilo halikuulizwa," akasema.

Halikuulizwa! Hapo ndipo penye kiini cha malalamiko yangu. Mtihani wa ramani usiouliza chochote juu ya ardhi iliyochorwa ni mtihani wa kuandika kwa mashine.

Najua kwamba baadhi ya wazee wenzangu watafurahi kusoma maneno haya, wakidhani kwamba nimejiunga nao katika kuilaani kompyuta. Wasifurahi. Wale wanaotamani turudi kwenye karatasi ya kunakilia, wino na rula wanasahau kwa nini mashine ilihitajika. Karibu na mwaka 1960 Roger Tomlinson, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni moja ya upimaji wa angani huko Ottawa, Kanada, alihusika na kazi ya kutafuta mahali pa kuanzisha shamba la miti nchini Kenya. Ilibidi ramani nyingi zilinganishwe: za udongo, za mvua, za miinuko, za njia za usafiri. Gharama ya kuzilinganisha kwa mikono ilionekana kuwa kubwa mno. Ndipo akafikiri kwamba kompyuta ingeweza kuifanya kazi ile, na wazo hilo likazaa mfumo wa taarifa za kijiografia wa Kanada, ambao ni miongoni mwa mifumo ya kwanza ya aina hiyo duniani. Maana yake ni kwamba ardhi ya Afrika Mashariki ilikuwamo katika maswali yaliyoizaa elimu hii. Ni aibu basi kwamba leo elimu hiyo inaturudia ikiwa na kaunti za Marekani peke yake.

Atakuja mtu aseme: "Mzee, mfano ni mfano tu. Anayejua kuchora Colorado atajua kuchora Kilosa." Hoja hii inasikika vizuri, lakini si kweli, na nitaeleza kwa nini.

Faili za mazoezi zimesafishwa. Makosa yote yamekwisha kuondolewa ili mwanafunzi asikwame. Mambo yetu hayajasafishwa, na kuyasafisha ndiyo kazi yenyewe. Chukua Kariakoo, iliyo karibu na nyuzi 6.8 kusini na 39.3 mashariki. Kompyuta huandika kusini kwa alama ya kutoa. Kijana akiisahau alama hiyo, Kariakoo inahamia Ethiopia. Akizibadilishana nafasi namba hizo mbili, inatua Hispania, karibu na mpaka wa Ureno. Akiacha nafasi wazi, programu nyingine huisoma kama sifuri, na soko lote likazama katika Ghuba ya Guinea. Mashine haishtuki. Itachora kwa rangi nzuri na kuweka dira juu yake.

Makosa kama hayo angalau yanachekesha, na kila mwenye macho atayaona. Yako mengine yasiyoonekana. Ramani zetu za zamani za skeli ya 1:50,000 zimejengwa juu ya msingi wa vipimo uitwao Arc 1960, unaotumia umbo la dunia lililokokotolewa na Mwingereza Clarke mwaka 1880. Simu zetu na vifaa vya setilaiti vinatumia msingi mwingine, WGS 84. Namba zile zile za latitudo na longitudo, zikisomwa katika misingi hiyo miwili, huonyesha mahali pawili panapoachana kwa takribani mita 300. Katika karatasi hiyo mita 300 ni milimita 6 tu, upana wa penseli. Uwandani ni umbali wa kulivuka shamba la mtu na kuingia la jirani yake, na wakati mwingine ni tofauti kati ya kijiji na hifadhi. Watu wetu wamekatana mapanga kwa mpaka uliosogea hatua kumi. Je, kijana ambaye katika muhula mzima hakuona hata mara moja tabaka mbili zikikataa kukaa pamoja, atalijulia wapi jambo hilo? Atalijua akiwa kazini, akiwa na muhuri wa ofisi mkononi, na atakayelipa ada ya funzo lake ni mkulima.

Tena kuna historia. Karatasi nyingi za ramani hizo zilichorwa kutokana na picha za ndege zilizopigwa kabla ya Operesheni Vijiji ya mwaka 1974. Watu walihamishwa, mahame yakabaki, na vijiji vipya vikasimama mahali ambapo ramani inaonyesha pori. Mwanafunzi anayenakili karatasi hiyo katika kompyuta bila kuuliza anawarudisha watu kwenye makaburi ya babu zao na kuwafuta mahali wanapoishi. Kitabu cha ng'ambo hakiwezi kumwonya juu ya jambo hilo. Mzee wa kijiji anaweza, tena kwa dakika tano, lakini hakuna katika muhtasari wa kozi mahali palipoandikwa kwamba mzee wa kijiji aulizwe.

Wala mtu asiniambie kwamba ninayoyadai hayawezekani, maana yamekwisha kufanyika hapa hapa nchini. Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi waliungana na wakazi wa Tandale, Dar es Salaam, kuuchora mtaa wao katika OpenStreetMap, ramani huria ya dunia iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004. Desemba ya mwaka huo huo mvua kubwa zililikumba jiji, watu zaidi ya 40 wakafa, na familia nyingi za mabondeni zikapelekwa Mabwepande. Jiji likaona thamani ya kujua nani anaishi wapi na maji hupita wapi. Mwaka 2015 ulianza mradi wa Ramani Huria, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Ardhi wakaingia katika kata zenye mafuriko, wakishirikiana na wakazi, kuchora nyumba, njia na mitaro.

Binti mmoja aliyewahi kufanya kazi ya namna hiyo alinisimulia siku yake ya kwanza uwandani. Akiwa darasani, alikuwa ameangalia picha ya setilaiti na kuchora mstari mnyoofu katikati ya nyumba, akauita njia. Alipofika alimkuta mama mmoja akikaanga vitumbua pembeni mwake. Yule mama akautazama mchoro, akamwambia: "Hiyo si njia, mwanangu, ni mtaro. Kiangazi tunapita sisi, masika yanapita maji." Akamwonyesha ukutani mahali maji yalipofika. Binti akajifunza kuuliza kila nyumba: yalifika kifundoni, gotini au kiunoni? Akajifunza pia kwamba paa moja aliloliona kutoka angani si kaya moja. Nyumba ya vyumba sita vya kupangisha yaweza kuwa na kaya sita, na anayehesabu mapaa ili kugawa chakula cha msaada atawaacha watu watano kati ya sita wakilala njaa.

Jambo jingine alilokutana nalo ni swali: "Mnatupima ili mje mtubomolee?" Swali hilo si la kijinga. Desemba 2015 nyumba za bonde la Msimbazi ziliandikwa alama ya X kwa rangi nyekundu, na nyingi zikabomolewa. Ramani inayookoa watu wakati wa mafuriko ndiyo hiyo hiyo inayoweza kumwelekeza mwenye tingatinga. Kijana wa chuo kikuu anapaswa kuwa amelifikiria swali hilo kabla ya kufunuliwa programu yoyote, na awe tayari kumjibu mwenye nyumba kwa ukweli: nani atakayeitumia ramani hii, kwa kazi gani, na wewe utaionaje. Darasani swali hilo halimfikii, kwa kuwa watu wa Colorado hawapo pale kuliuliza.

Kasoro ni kwamba kazi hizi njema zimekuwa za miradi. Mfadhili akija, vijana wanatoka. Mfadhili akiondoka, wanarudi kwenye faili za kitabu. Wachache wanabahatika, na walio wengi wanahitimu bila kukanyaga tope. Mimi ninadai kwamba jambo hili liwe sehemu ya kozi yenyewe, la lazima, na litolewe alama.

Nitaambiwa hakuna fedha. Fedha za nini? Vijana wengi wanazo simu zenye kipokezi cha setilaiti. Programu ya QGIS ni ya bure tangu ilipoanzishwa mwaka 2002. Futikamba haimshindi mkuu wa idara. Nitaambiwa madarasa yamejaa. Vema: wanafunzi 200 wakigawanywa wannewanne ni vikundi 50, na kila kikundi kikichukua mtaa mmoja, chuo kitakuwa kimechora mitaa 50 kwa muhula mmoja. Wingi huo tunaoulalamikia darasani ni nguvu kazi uwandani. Nitaambiwa tena kwamba muhula ni mfupi. Basi zipunguzwe wiki za kubadilisha rangi.

Ninayoyataka ni matatu, nayo ni madogo. Kwanza, ramani ya kwanza ya kila mwanafunzi iwe ya mahali anapoweza kufika kwa miguu na kurudi kabla ya jua kuzama. Pili, apewe kwa makusudi karatasi ya zamani isiyokubaliana na simu yake, aachwe ahangaike nayo mpaka agundue sababu. Tatu, kabla ya kusahihishwa na mhadhiri, ramani ipelekwe kwa mjumbe wa shina na watu wake. Waitandaze mezani, waisome, waseme zahanati iko wapi, mtaro ni upi, na jina la njia ni lipi kwao. Kila kosa watakalolionyesha liandikwe, na alama zitolewe kwa jinsi mwanafunzi alivyolisahihisha. Asiyeipeleka kwao asipewe alama ya kufaulu, hata kama fremu yake imenyooka kiasi gani.

Wahadhiri wengi wa somo hili ni vijana ambao walimu wao wa shule za msingi tuliwafundisha sisi. Walichora darasa lao kabla ya kuchora dunia, nao wanajua kwamba iliwafaa. Naomba muhula ujao wawafanyie wanafunzi wao vivyo hivyo. Masika hayasubiri mradi, na mtaro wa yule mama wa vitumbua haujaacha kupitisha maji.