Tusiende kuhutubia, twende tukaulizwe

Test ziko mlangoni na nondo hazipandi. Leo nina jambo limenikaa kooni, ngoja nilitoe.

Jumamosi iliyopita tulikwenda shule moja ya kata huko Pwani, kundi la wanasayansi wa Mlimani, kuhamasisha vijana wapende sayansi. Fulana mpya, kofia, hotuba. Kila mmoja alisimama akasema yale yale: someni kwa bidii, mtakuwa madaktari na mainjinia. Na mimi nilisema hivyo hivyo, mbele ya watoto ambao maabara yao ni meza mbili na kabati tupu.

Mwishoni binti wa kidato cha pili akanyoosha mkono. "Samahani kaka, kwa nini chai ya maji ya kisima chetu inakuwa nyeusi kama wino?" Darasa likaangua kicheko. Jamani, na sisi tukacheka. Mwenzetu akamwambia akamuulize mama yake jikoni. Tukapiga picha, tukaondoka.

Usiku ndio nikaanza kuumia. Maji yenye madini mengi ya chuma yakikutana na tanini za majani ya chai, yanakuwa meusi. Wino wa zamani wa Ulaya ulitengenezwa kwa kemia hiyo hiyo! Yule mtoto alisema "kama wino", na inawezekana kabisa alipatia. Sisi wasomi tukamcheka.

Mnamkumbuka Erasto Mpemba? Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi Magamba, aliona maziwa ya aiskrimu aliyoyaweka yakiwa ya moto yameganda kabla ya yaliyopoa. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Baadaye akiwa Mkwawa, Iringa, alikuja mhadhiri kutoka hapa hapa Dar, Denis Osborne. Mpemba akamuuliza, wenzake wakamcheka. Osborne hakudharau, alirudi akajaribu maabara. Mwaka 1969 wakachapisha pamoja, na hadi leo wanasayansi duniani wanabishana juu ya jambo hilo.

Hoja yangu ni hii: Osborne hakukumbukwa kwa hotuba yake. Anakumbukwa kwa sababu alilichukua swali la mwanafunzi akaenda kulifanyia kazi.

Kuna watakaosema watoto wa shule za kata wanahitaji kutiwa moyo kwanza. Sawa, lakini moyo gani tunautia tukimtajia udaktari tu, kazi anayoiona mbali kama mwezi? Kupima maji ni kazi. Chuo cha Maji kiko hapo Ubungo, pua na mdomo na sisi, na aliyemaliza kidato cha nne akiwa na ufaulu unaotakiwa anaweza kuanzia ngazi ya cheti. Nani alimwambia yule binti? Hakuna. Tulikuwa tunapiga picha.

Mimi narudi Jumamosi ijayo kwa nauli yangu, hata kama boom limekata. Sibebi hotuba. Nabeba majani ya chai, maji ya chupa, na chupa tupu ya kuchotea maji ya kisima chao. Tutapika chai mbili, tulinganishe, yeye ndiye atawaeleza wenzake. Na kwanza nitamwomba radhi.

Anayetaka kuja anikute kantini Ijumaa jioni. Fulana sio lazima.