Nani Anayekivunja Kitenzi? Kauli ya Kutendea baina ya Mishomoroni na Meza za Wafasiri

Malalamiko kwamba Kiswahili cha Mombasa kinaharibiwa na vijana wa magarini yamezoeleka mno katika makongamano na katika kurasa za uhakiki, hata hayahojiwi tena. Wanaolaumiwa ni makanga, mchuuzi wa Kongowea na mwanafunzi aliyezaliwa Kisauni kwa wazazi waliotoka bara. Yapo hata hivyo maeneo ya sarufi ambamo lawama hiyo haina msingi, na kubwa miongoni mwayo ni namna kitenzi kinavyofungamana na watu, vitu na mahali vinavyoguswa na tendo. Katika eneo hili mharibifu ni msomi mwenyewe.

Abiria anayepanda matatu mjini, akavuka daraja la Nyali na kupita Kongowea kuelekea Mishomoroni, huulizwa anashukia wapi. Mwenye mzigo husema "nipakilie", mwenye mtoto husema "nishikie", na aliyecheleweshwa hunung'unika kuwa mchana umemwishia njiani. Akiulizwa mtu fulani anaishi wapi siku hizi, jibu ni kuwa kahama Mji wa Kale, kahamia Mishomoroni. Tofauti ya kuacha mahali na kufika mahali imebebwa na kiambishi kimoja tu, na hakuna kihusishi kilichoitwa kusaidia. Waswahili wa asili, Wamijikenda na wengi wa wageni wa bara hukitumia kiambishi hicho bila kufundishwa, kwani ni urithi wa Kibantu: Kiganda na Kikuyu vina -ir-, Kizulu kina -el-, na ile l iliyodondoka katika Kiswahili hujitokeza tena katika "chukulia" na "fungulia".

Kiingereza kimefuata njia nyingine. Huchukua kitenzi kifupi, kikakizungushia vihusishi, na kila kihusishi kikazaa maana mpya: "look after" ni kutunza, "look for" ni kutafuta, "look into" ni kuchunguza. Hiyo ni hazina ya lugha ile, wala haina ila. Ila imo katika fikra ya mfasiri anayedhani kuwa kila kipande cha mkusanyiko huo sharti kipate mwenzake katika Kiswahili. Tangu Katiba ya Kenya ya 2010 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, fikra hiyo imepata kazi nyingi zaidi ya kufanya. Ndipo serikali "inapokuja na mpango", kana kwamba ni mgeni aliyeshuka na mzigo wake, badala ya kuubuni au kuuandaa. Ndipo viongozi "wanaposimama na" waathiriwa, nao wasomaji wakajiuliza kwa nini hawakupewa viti. Watu "huamini katika" Mungu ilhali kumwamini kwatosha, na "hupigana kwa ajili ya" haki ilhali kitenzi "kupigania" kimekaa pale pale kikisubiri.

Mifano hiyo inachekesha. Upo mwingine usiochekesha. Mfasiri huandika "alinunua dawa kwa mgonjwa" akikusudia kuwa mgonjwa alinunuliwa dawa. Msomaji wa Mishomoroni, ambaye kwake "kwa" ikifuatwa na mtu huonyesha mahali pa mtu huyo, huelewa kwamba mgonjwa ndiye aliyeuza. Sentensi ina maneno manne tu, yote ni ya Kiswahili, na maana imepinduka. Panapohusika tangazo la afya au la ardhi, mpinduko wa namna hiyo humgharimu mtu asiyekuwapo mezani wakati wa kufasiri.

Kosa hili lina historia. Mkutano wa Mombasa wa 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji, ikaachwa Kimvita iliyokuwa lahaja ya mji wenyewe uliofanyiwa mkutano. Mengi yamekwisha kuandikwa juu ya uamuzi huo. Yasiyosemwa sana ni kuwa kwa upande wa kauli ya kutendea lahaja hizo mbili hazikuwa na ugomvi. Tatizo lilitoka katika istilahi. Kamusi ya Frederick Johnson ya 1939 iliitambulisha kauli hii kwa kifupisho "Prep.", yaani kauli ya vihusishi. Jina hilo lilimfaa Mwingereza, aliyehitaji kujua ni wapi lugha yake ingemdai kihusishi. Kwa msemaji wa Kiswahili halikueleza lolote. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981 iliirekebisha istilahi kwa kutumia kifupisho cha "kutendea", lakini mazoea ya kufikiri yalibaki. Mtahiniwa akiulizwa dhima ya -i- katika kitenzi, aghalabu hufundishwa kujibu kwa orodha: kwa niaba ya, kwa sababu ya, kwa kutumia. Anafafanuliwa kiambishi kwa kihusishi, halafu watu wanastaajabu akikitupa kiambishi na kushika kihusishi!

Hebu orodha hiyo ipimwe kwa kitenzi "kuiba". Aliyemwibia mama yake hakuiba kwa niaba ya mama. Mama ndiye aliyepata hasara. Katika "kumpikia mama" kiambishi kile kile huleta faida. Kinachobaki katika mifano yote miwili ni kuwa tendo limemfikia mtu na kumgusa, na kama limemgusa kwa heri au kwa shari, hilo huamuliwa na kitenzi na muktadha. Mkono wa kulia nao ni mkono wa kulia chakula. Hapo kiambishi kimegusa ala. Kisha upo "kufa". Mtu hufa; lakini mume akifa, mkewe amefiwa. Kifo chake kimegeuzwa kuwa jambo lililompata mwingine, na huyo mwingine ndiye aliye kiima cha sentensi. Atafutwe mfasiri wa kuiandika "amefiwa" kwa "kwa", "katika" au "juu ya", bila kupoteza ule utaratibu unaomweka mfiwa mbele na kumfanya marehemu awe wa kutajwa baadaye au asitajwe kabisa.

Uhakiki wa fasihi hauwezi kujitoa katika lawama. Diwani za Kimvita huwekewa faharasa za maneno magumu, na wahakiki hushughulika na "mato" na "nti" kana kwamba lahaja ni msamiati tu. Unyambuaji wa kitenzi hupuuzwa, ingawa ndio unaoiwezesha bahari ya shairi kubeba mambo mengi katika nafasi finyu. "Alimnunulia" ina mizani saba, na ndani yake yumo aliyenunua na aliyenunuliwa. "Alinunua kwa ajili ya" ina mizani kumi. Imekwisha kuvuka kipande cha mizani nane, na bado haijamtaja mtu. Muyaka bin Haji katika karne ya 19, na Abdilatif Abdalla aliyeitunga Sauti ya Dhiki gerezani baina ya 1969 na 1972, walitunga katika lugha yenye uwezo huu. Mhakiki anayewasoma huku kichwani akikigeuza kila kiambishi kuwa kihusishi anasoma shairi refu kuliko lililotungwa.

Itajibiwa kuwa lugha hukua, na kwamba "baada", "kabla" na "bila" nazo zilitoka ugenini, Uarabuni. Ni kweli, na hapana anayedai zirudishwe. Lakini maneno hayo yaliingia kwa vinywa vya watu, yakakaa kando ya kitenzi bila kukiondolea kazi yake. Muundo wa "kwa ajili ya" uwekwao kila mahali haukutoka sokoni wala kituo cha matatu. Umeshuka kutoka ofisini pamoja na karatasi, na karatasi hiyo ikifika Mishomoroni si ajabu msemaji akaisoma hadi mwisho, kisha akawaeleza waliohudhuria ilikuwa ikisemaje. Maelezo yake hayo ya pili, yaliyojaa "mtaletewa", "mtaandikiwa" na "mtajengewa", hayaandikwi na mtu.