Hakuna Sanduku la Mjerumani Chini ya Mbuyu

Kahama, Nyarugusu, Mwadui, Chato: kote habari ni ile ile. Mjerumani alipokimbia mwaka 1916 alifukia dhahabu yake, na atakayeipata hatashika sururu tena maishani. Kwa habari hiyo watu wameuza ng'ombe, wameacha mashamba, wamechimba chini ya mibuyu na hata kwenye makaburi ya zamani. Siwadharau wanaoiamini. Ni watu wanaoishi juu ya ardhi yenye dhahabu kweli, na jirani yao aliyetajirika kwa duara moja wanamfahamu kwa jina. Lakini hoja zinazoibeba habari hii haziwezi kusimama, na mojawapo imekwisha kumwaga damu.

Wanaanza kwa kusema Mjerumani alikuwa na dhahabu nyingi. Aliichimba wapi? Dalili za dhahabu upande wa Geita zilijulikana tangu 1898, ila mgodi mkubwa wa Geita ulikuja wakati wa Mwingereza, ukafanya kazi kuanzia 1936 hadi 1966. Almasi ya Mwadui aliigundua John Williamson mwaka 1940, Mjerumani akiwa ameondoka zaidi ya miaka 20. Mgodi wa maana aliokuwa nao ni Sekenke, huko Iramba, na dhahabu yake tunajua ilikoishia. Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipoanza, manowari za Waingereza zilifunga bahari na koloni likaishiwa sarafu. Karakana ya reli ya Tabora ikageuzwa kiwanda cha fedha, na mwaka 1916 zikatoka humo sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Zilikuwa 16,198, kila moja ina uzito wa gramu 7 na kidogo, na robo tatu yake tu ndiyo dhahabu halisi. Piga hesabu: zote pamoja hazifiki kilo 90 za dhahabu safi. Mgodi wa Geita wa leo, wenye kutoa karibu wakia laki 5 kwa mwaka, hupata kiasi hicho kwa siku 2 hivi.

Tena sarafu hizo zilitengenezwa zitumike, zikatumika. Ndiyo maana leo zinaonekana kwenye minada ya wakusanyaji wa sarafu Ulaya na Marekani. Serikali iliyozitoa ilikuwa imefilisika: ilichapa noti za dharura kwa karatasi ilizozipata, na kufikia 1917 nyingine zilipigwa kwa mihuri ya mpira. Anayetafuta masanduku yake ya dhahabu anatafuta mali ya mtu aliyekuwa anadaiwa.

Hoja yenye nguvu kuliko zote ni ya meli ya Liemba, kwamba walioficha meli hawakushindwa kuficha dhahabu, na anayeitoa anastahili jibu la heshima. Ni kweli Wajerumani walificha meli. Graf von Götzen iliundwa Papenburg, ikaletwa vipande vipande hadi Kigoma, ikashushwa Ziwa Tanganyika mwaka 1915. Julai 1916, adui alipokaribia, mitambo yake ilipakwa grisi nzito na meli ikazamishwa kwa makusudi karibu na mdomo wa mto Malagarasi, wakitumaini kurudi kuichukua. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na tangu 1927 imeitwa Liemba. Sasa tazama kisa hicho kinatufundisha nini. Walichoficha ni kitu kizito ambacho hakuna jeshi lingeweza kukibeba mabegani. Dhahabu hubebeka, na anayekimbia huenda nayo. Pia hawakuificha ikapotea. Mahali pake palijulikana, ndiyo maana iliopolewa. Na wenyewe hawakurudi Tabora. Mji huo Wabelgiji waliuingia tarehe 19 Septemba 1916, na kikosi cha kamanda wao, Lettow-Vorbeck, kiliendelea kuhangaika hadi Msumbiji, kikaweka silaha chini Novemba 1918 huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia. Mwendo wote huo shida yao ilikuwa chakula, risasi na kwinini.

"Mbona watu hufukua rupia?" Hufukua, na hilo halipingi ninayoyasema. Kuanzia 1898 wakoloni walidai kodi ya kibanda, na Msukuma au Mnyamwezi alibeba mizigo, akauza mifugo, akafanya vibarua ili apate rupia za kulipa. Benki haikuwepo kijijini. Akiba iliwekwa kwenye chungu na chungu kikafukiwa. Wengine walikufa vitani au kwa maradhi bila kumwambia mtu. Wengine walibaki nazo Mwingereza alipoleta shilingi mwaka 1921. Chungu chenye rupia, basi, kwa kawaida ni jasho la babu zetu. Ni madini ya fedha tu, si dhahabu, gramu 11 na ushee kwa kila rupia, na huwa ni chache.

Kuhusu rupia inayovuta punje za mchele, au cherehani ya zamani yenye zebaki nyekundu ndani, nitasema kwa ufupi. Hakuna madini yanayovuta mchele. Uvumi wa cherehani uliwahi kuzuka Saudi Arabia mwaka 2009, watu wakanunua vyuma vikuukuu kwa bei ya kutisha, na zebaki hiyo haikuwemo. Zebaki ya kweli mchimbaji anaiona kila siku kwenye mwalo ikikamata dhahabu, na inaua taratibu anayeichoma bila kujikinga.

Wapo pia wanaoonyesha alama: nguzo ya zege yenye namba juu ya kilima, mshale uliochongwa kwenye jiwe, Mzungu aliyepita na ramani. Nyingi ya nguzo hizo ni bikoni za wapima ardhi. Wazungu wenye ramani wamejaa ukanda huu kwa sababu wanajiolojia wamekuwa wakiupima tangu enzi za mkoloni, na ramani zao zinaonyesha mwamba ulivyolala. Ramani za hazina zimewapoteza hata Wazungu. Reginald Cruise-Wilkins, Mwingereza aliyekuwa akiishi Kenya, alikwenda Shelisheli mwaka 1949 kusaka mali ya haramia Olivier Levasseur, aliyenyongwa mwaka 1730. Alichimba na kupasua miamba ya Bel Ombre hadi alipofariki mwaka 1977. Hazina hakuiona.

Nimeiacha nyuma hoja ninayoichukia: kwamba mali ina walinzi, majini au mizimu, na haitoki bila kafara. Hapa ndipo kisa cha kusisimua kinapogeuka mauaji. Mganga huanza na kuku mweusi na fedha ya kianzio. Shimo likiwa tupu, husema walinzi hawajaridhika, na kila safari anataka kitu kikubwa zaidi. Ukanda huu unajua mwisho wake. Kuanzia 2007 watu wenye ualbino wamewindwa Shinyanga, Mwanza na Geita, kwa ahadi za utajiri ambazo waganga waliwapa wachimbaji, wavuvi na wenye tamaa wengine. Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu watu 3 kunyongwa kwa kumuua kijana wa miaka 14. Februari 2015 mtoto ambaye hakuwa ametimiza hata miaka 2 alinyakuliwa Chato mikononi mwa mama yake. Mwili ulipatikana bila mikono wala miguu. Mwezi mmoja kabla ya hapo serikali ilikuwa imetangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli. Mwaka 2024 tulizika mtoto mwingine, Muleba. Ni nani kati ya wauaji hawa aliyetajirika? Dhahabu haina mlinzi. Hukaa kwenye mwamba, ikatolewa kwa baruti, karasha na maji.

La mwisho ni la sheria: "Ukiipata ni yako." Si kweli. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inakataza kuchimbua mabaki ya kale bila kibali, na Sheria ya Madini ya 2010 inataka leseni hata kwa mchimbaji mdogo. Mwenye leseni ana pa kuuzia: soko la madini la Geita lilifunguliwa Machi 2019, na bei ya siku hutangazwa wazi.

Ndugu msomaji uliyeko Kakola, Katoro au Maganzo, mtu akikuomba kianzio cha kufukua mali za Mjerumani, mnyime. Akitaja kafara ya binadamu, au nywele na kiungo cha mtu mwenye ualbino, usingoje kuona kama anatania. Nenda siku hiyo hiyo kwa mtendaji wa kijiji au kituo cha polisi, umtaje kwa jina.