Kabla ya Kumkata Dereva, Mita Iseme Kwanza



Katika mashamba ya chai ya upande wa Toro, na naamini hata kwenye miwa na viwandani, upo mtindo mmoja ambao umezoeleka mpaka watu wanauona kama sheria. Gari la kampuni likikataa kuwaka asubuhi, neno la kwanza la msimamizi ni, "Dereva ameua betri." Neno la pili ni makato ya mshahara. Hakuna aliyegusa waya, hakuna aliyepima kitu chochote, lakini karatasi ya makato imekwisha andikwa. Mimi kazi yangu ni ufundi wa umeme wa magari, na maoni yangu ni kwamba mtindo huu ni dhuluma, tena dhuluma isiyo na akili, maana humtia hasara hata mwajiri anayeutumia.

Nitaeleza habari ya lori moja la kubebea majani mabichi katika shamba moja ambalo sitalitaja jina. Ni lori la volti 24, lenye betri mbili za volti 12 zilizofungwa mfululizo. Ugonjwa wake ulikuwa hivi: Jumatatu alfajiri, au siku ya baridi na ukungu, dereva akipiga stata inalia "tak" mara moja na kunyamaza. Wachumaji wanaitwa waache vikapu waje kusukuma. Mchana lori hilo hilo linawaka bila tabu yoyote. Zikanunuliwa betri mbili mpya, ikapatikana nafuu ya wiki chache, ugonjwa ukarudi. Ikabadilishwa alternata, ugonjwa ukarudi. Stata ikafunguliwa na kusafishwa, ugonjwa ukarudi. Mwishowe ikaamuliwa kwamba dereva huacha taa zikiwaka usiku, akakatwa mshahara miezi minne mfululizo kulipia betri.

Msidhani aliyeumia ni dereva peke yake. Majani mabichi yakikaa kwenye magunia pembeni mwa barabara yakisubiri gari, hupata joto ndani, hugeuka mekundu, na kiwanda huyakataa. Mchumaji analipwa kwa kilo. Kilo zilizokataliwa ni jasho lililomwagika bure, na wenzetu wa kiwandani nao hukaa bila kazi wakingojea majani ambayo hayafiki.

Sasa sikilizeni jambo ambalo lilinikasirisha kuliko yote. Yule dereva alikuwa amekwisha sema, si mara moja, kwamba akipiga stata asubuhi anasikia harufu ya plastiki inayoungua, na kwamba kebo ya pedali ya mafuta inakuwa ya moto na nzito. Akajibiwa, "Wewe ni dereva, si fundi." Katika maneno yale ya dereva ilikuwamo nusu ya jibu. Mtu anayekaa na gari saa kumi kwa siku analijua kama mchungaji anavyomjua ng'ombe wake, na fundi asiyemwuliza dereva amejinyima chombo cha kwanza cha kazi.

Tulipopata mita tulianza na betri zenyewe, baada ya kuzichaji karakanani. Zilisoma volti 25.4, yaani kila moja 12.7. Betri ya namna hiyo ni nzima na imejaa. Dereva akapiga stata: tak. Basi kama betri zimejaa na stata haizunguki, umeme unapotelea njiani. Tukaweka waya mmoja wa mita juu ya kichwa cha hasi cha betri, na waya wa pili juu ya chuma safi cha injini, halafu dereva akapiga stata tena. Pale mita haitakiwi kuzidi nusu volti. Ilisoma volti 8.

Wengi hufikiri kwamba umeme hutoka kwenye betri ukafika kwenye stata na kazi ikaisha. Sivyo. Umeme sharti urudi nyumbani. Hutoka kwenye chanya, huingia kwenye stata, hurudi kupitia mwili wa injini na chesisi mpaka kwenye hasi. Lakini injini imekalishwa juu ya mipira, na mpira haupitishi umeme, kwa hiyo hufungwa waya mnene kuiunganisha injini na chesisi. Mafundi huuita waya wa ethi. Katika lori letu waya huo ulikuwapo, mnene na mzima, na kila aliyeutazama kwa macho aliuona uko sawa. Kumbe giaboksi iliposhushwa kwenda kubadilishwa klachi katika gereji ya nje, gereji iliyochaguliwa na ofisi, aliyeirudisha alifunga boliti ya ethi juu ya chuma kilichopakwa rangi. Kutu ikaingia chini yake pole pole.

Hesabu yake si ngumu. Stata ya lori inaweza kuvuta ampea 200 au zaidi. Kizuizi cha ohm 0.04 tu, kitu kidogo ambacho mita nyingi za mkononi haziwezi hata kukisoma sawasawa gari likiwa limezimwa, ukikizidisha kwa ampea 200 unapata volti 8 zilizopotea. Ndiyo sababu kipimo hiki hufanywa stata ikiwa inavuta, si gari likiwa limelala. Na umeme ulionyimwa njia yake ulitafuta njia nyingine: ulipita kwenye kebo ya pedali ya mafuta, kebo ambayo haikutengenezwa kwa kazi hiyo, ikawa ya moto na kuunguza ganda lake. Harufu aliyoisema dereva ndiyo hiyo.

Boliti hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa ikidhoofisha betri. Alternata imefungwa kwenye injini, na chaji yake nayo hupita njia ile ile. Yenyewe ilikuwa ikitoa volti 28, lakini kwenye betri zilifika 26.4 tu. Betri ya kuanzishia inayochajiwa hivyo kila siku haijai sawasawa, na isipojaa kwa muda mrefu huharibika mapema. Kwa hiyo aliyepima betri zile zamani akakuta ni dhaifu hakusema uongo. Alichokosea ni kuishia pale, bila kuuliza kwa nini. Na mchana gari liliwaka kwa sababu injini ya moto huzunguka kwa wepesi, na mtikisiko wa barabara ulikuwa umeisogeza boliti kidogo ikagusa chuma.

Tulifungua, tukasugua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, tukafunga kwa nguvu na kupaka grisi juu. Saa moja haikutimia. Hakuna kilichonunuliwa.

Wapo watakaosema kwamba madereva wengine huacha taa zikiwaka kweli. Sikatai, nimewaona. Lakini hata hilo hupimwa. Zima kila kitu, funga milango, ondoa waya wa hasi kwenye betri, uweke mita ya ampea kati ya waya huo na kichwa cha betri. (Usipige stata mita ikiwa pale, utaiunguza.) Ngoja kidogo vifaa vilale. Gari zima huvuta kiasi kidogo sana, kwa kawaida kama milliampea 50 au pungufu. Ukikuta nusu ampea, jua kwamba kwa saa 60 za mwisho wa juma zitaondoka ampea-saa 30, na dereva yuko nyumbani kwake amelala. Hapo chomoa fyuzi moja moja mpaka mita ishuke, na fyuzi iliyoishusha ndiyo inayokuonyesha njia yenye mwizi. Mara nyingi siku hizi mwizi ni kifaa kilichoongezwa baadaye, kama redio, kengele ya wezi, au kile kidude cha kumfuatilia dereva kilichofungwa ovyo. Wakati mko kwenye fyuzi, tazameni kama kuna iliyozungushiwa karatasi ya sigara au waya, maana hiyo ni moto unaongojea siku yake.

Na karakana isiyo na mita? Chukueni kebo ile ya kuazima umeme wa gari jingine, mfunge upande mmoja kwenye hasi ya betri na upande wa pili kwenye chuma cha injini. Mpige stata. Injini ikizunguka upesi, mmekwisha jua kwamba ethi ni mbovu. Lakini tusiwaachie waajiri udhuru huu. Mita ya mkononi ya kawaida haifiki hata robo ya bei ya betri moja ya lori. Shamba linalonunua betri mbili kila msimu haliwezi kusema limekosa fedha za mita.

Mkataba namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, katika kifungu cha 8, unasema mshahara ukatwe tu kwa masharti na kiasi kilichowekwa na sheria, au na mapatano ya pamoja, au na uamuzi wa wasuluhishi. Hapa Uganda Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 nayo imeeleza makato gani yanaruhusiwa. Hasira ya msimamizi alfajiri haimo.

Kwa hiyo katika mapatano yetu yajayo naomba kamati idai hivi: gari likikataa kuwaka, fundi aandike kwenye karatasi volti za betri, volti za chaji, volti zinazopotea kwenye ethi stata ikipigwa, na ampea zinazovuja gari likiwa limezimwa. Dereva na mwakilishi wa wafanyakazi wapewe nakala. Bila karatasi hiyo, suala la nani alipe lisifunguliwe kabisa. Yule dereva wa lori la majani bado hajarudishiwa fedha zake za miezi minne. Tumeziorodhesha mwezi kwa mwezi, pamoja na vipimo vya boliti ile, na karatasi hizo tutaziweka mbele ya meneja katika kikao kijacho.