Picha ya Kwanza ni ya Mwenye Uso

Nataka niseme jambo ambalo najua litawachukiza baadhi ya rafiki zangu, hasa wale wanaojiita wasanii na wale wanaokula kwa kuwatembeza wageni, na mimi mwenyewe ni mmoja wa hao wa pili. Mtu anayepiga picha ya uso wa mwenzake kwa filamu ya papo hapo, kisha akaondoka nayo bila ya kumwachia mwenye uso hata moja, amechukua kisicho chake. Asije akaniambia kuwa ile ni sanaa, wala asije akaniambia kuwa ni majaribio. Sanaa haimhalalishii mtu cha mwenzake.

Ndugu msomaji, kabla hujanihukumu kuwa ni mkali kupita kiasi, naomba unisikilize kisa changu. Sikisimulii kwa kujisifu, kwani ndani yake mkosa wa kwanza ni mimi.

Mwezi wa Januari 2017, kaskazi likivuma, alinijia mgeni mmoja kutoka Ulaya. Alikuwa na kamera ya papo hapo na pakiti kadhaa za filamu, kila pakiti karatasi nane, na alitaka nyuso za wazee wa Mji Mkongwe. Mimi ndiye niliyekuwa kiongozi wake na mkalimani wake. Wengine hutuita papasi, nasi hujifanya hatusikii. Tulizunguka Hurumzi, Mkunazini na Malindi siku mbili nzima, na wazee wengi walikataa. Nilipoona mgeni anakaribia kukata tamaa na ujira wangu unaelekea kuyeyuka, nikampeleka kwa bibi yangu mzaa mama.

Bibi alikubali mara moja, lakini kwa sharti ambalo hakuliita sharti. Alisema, "Vyema, mjukuu wangu. Nitapata ya kumpelekea mdogo wangu Maskati." Ndugu wawili hao walikuwa hawajaonana kwa zaidi ya miaka 40. Basi akaingia ndani, akatoka na kanga mpya, macho kayatia wanja, na kikuba cha asmini kakibandika kifuani. Akakaa barazani, mgongo umenyooka, kama walivyokuwa wakikaa watu wa zamani mbele ya kamera. Mgeni akapiga picha tatu.

Karatasi zilipotoka kwenye kamera zilikuwa hazina kitu. Mgeni akazifunika upesi zisipigwe na mwanga, akazitia mkobani. Bibi akanitazama mimi, hakumtazama mgeni. Akauliza, "Yangu iko wapi?"

Nikamjibu, "Atakuletea, bibi."

Jioni ile nilikwenda Shangani, katika nyumba ya wageni alipofikia mgeni wangu. Nilimkuta ameinamia beseni la maji ya moto. Alikuwa amekata kingo za picha, akazirowesha, na ule utando mwembamba unaobeba sura ukabanduka ukawa unaelea majini. Nilimwona bibi yangu akielea ndani ya beseni, uso wake ukijikunja na kujikunjua kama kitambaa cha hariri. Mgeni akauvua utando kwa brashi, akautandaza juu ya karatasi nzito ya kuchorea, akauvuta huku na huku mpaka jicho moja likapanda na mdomo ukateremka. Sikatai, kilikuwa kitu cha kutazamwa. Kisha nikamwomba moja ya bibi. Akanijibu kwa upole kabisa kuwa kila picha ni moja tu duniani, haina nakala, na akinipa mimi yeye hatakuwa na kazi ya kuonyesha. Nikapokea ujira wangu, nikatoka.

Bibi alifariki mwaka 2019. Picha tuliyobaki nayo ni ile ndogo ya kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, aliyopigwa baada ya kupanga foleni, uso umechoka kwa jua.

Sasa tuingie katika hoja. Watu watasema: mbona wapiga picha wote huondoka na picha? Kweli, lakini filamu ya papo hapo si sawa na nyengine. Kwa kamera ya zamani kulikuwa na negativu, na kwa simu za leo kuna faili. Mpiga picha akitaka kukupa yako hakupungukiwi na kitu, na akikunyima leo anaweza kukupelekea kesho. Picha ya papo hapo haina kesho. Dawa yake imo ndani ya karatasi yenyewe, katika vifuko vidogo ukingoni. Karatasi inapopita baina ya magurudumu ya kamera, vifuko vile hupasuka, dawa ikatandazwa, na sura ikaanza kujitokeza. Hakuna chumba cha giza, hakuna kusafisha filamu, hakuna nakala. Kwa hiyo aliyeishika karatasi ndiye aliyeishika picha, na swali la nani ataondoka nayo haliwezi kuahirishwa. Hujibiwa pale pale barazani.

Na tukumbuke kamera hii ilizaliwa kwa sababu gani. Edwin Land, Mmarekani aliyeivumbua, alikuwa akisimulia kwamba mwaka 1943 alimpiga picha binti yake mdogo, na mtoto akamuuliza kwa nini hawezi kuiona sasa hivi. Land akalichukua swali lile, akalifanyia kazi, na mwezi wa Februari 1947 akauonyesha uvumbuzi wake mjini New York. Mwaka uliofuata kamera zikaanza kuuzwa Boston. Mtizame mtoto yule na mtizame bibi yangu, miaka 74 baadaye. Swali ni lile lile: yangu iko wapi? Chombo kizima kilitengenezwa ili mwenye uso asingojee. Kisha wakaja mabingwa wa majaribio wakakigeuza kuwa chombo cha kumnyima kabisa.

Wala mtu asidhani kuwa naipinga sanaa ya kuchezea picha. Mwenye kusema kuwa majaribio ni mambo ya Wazungu haijui pwani yake. Kule Lamu, Omar Said Bakor alikuwa na studio yake, na sifa yake ilikuwa ni kukata na kuunganisha picha kwa namna ambayo jicho halikuzoea kuona. Hakusomea katika chuo chochote cha upigaji picha. Lakini waliokaa mbele ya kamera yake waliingia studio kwa miguu yao, kwa haja yao, na picha zao zikenda nao majumbani. Na hapa kwetu Unguja, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na mwanawe Rohit akaja kuirithi kazi. Watu wa kila kabila na kila mtaa walivaa nguo zao za Idi na za arusi wakenda kupigwa picha. Walilipa, wakapewa zao. Ndiyo maana hata leo ukifungua makabati ya watu wa Mji Mkongwe na Ng'ambo, na ya jamaa zao Maskati na Dubai, utakuta picha zilizopigwa katika studio za mji huu.

Kabla ya hapo kulikuwa na desturi nyengine, na hiyo ndiyo ninayoiogopa isirejee. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, studio za mjini, za akina Gomes na akina Coutinho, zilitoa kadi za posta zenye nyuso za watu wa visiwa hivi. Chini ya picha huandikwa "mwanamke wa Kiswahili" au kitu cha namna hiyo. Jina hapana. Mama wa watu, mwenye ukoo na mtaa wake, akatiwa stempu akapelekwa Ulaya, na sidhani kuwa wengi wao waliwahi kuiona kadi yenye uso wao. Nawauliza wasanii wetu wa leo: utando wa bibi yangu uliotandazwa juu ya karatasi nzito, ukatundikwa ukutani bila jina, una tofauti gani na kadi ile? Tofauti ni kwamba kadi ilichapwa nyingi, pengine moja ingeweza kurudi nyumbani. Huu hautarudi.

Filamu hii pia ina historia nyengine ambayo haitajwi katika maonyesho. Mwaka 1970 wafanyakazi wawili weusi wa kampuni ya Polaroid huko Massachusetts, Caroline Hunter na Ken Williams, waligundua kuwa mitambo ya kampuni yao ilikuwa ikitumiwa Afrika Kusini kutengeneza picha za pasi, zile ambazo serikali ya ubaguzi ilimlazimisha Mwafrika azichukue kila aendako. Wakaanzisha harakati dhidi ya mwajiri wao. Ilichukua mpaka 1977 ndipo kampuni ikajitoa Afrika Kusini. Sisi ambao nchi yetu ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Afrika, pale Dar es Salaam, tunapaswa kulifahamu jambo hili kuliko wengine. Mtu alikuwa na picha yake mfukoni, lakini haikuwa yake. Kwa hivyo karatasi peke yake haitoshi. Linalohukumu ni nani aliyeitaka picha, na kwa faida ya nani.

Nazijua hoja zitakazoletwa. Ya kwanza ni kwamba filamu ni ghali na ni adimu. Ni kweli. Polaroid ilitangaza mwaka 2008 kuwa inaacha kuitengeneza, na kama si kundi la wapenzi wake kukiokoa kiwanda cha Enschede, Uholanzi, na kuanza kuuza filamu mpya mwaka 2010, pengine ingekufa kabisa. Tena joto letu haliipendi: watengenezaji wenyewe hushauri ipigwe baina ya nyuzi 13 na 28, na sisi wakati wa kaskazi tunapita 30, hata rangi zikaingia wekundu na umanjano. Lakini huo ughali haukumzuia mgeni kutumia karatasi tatu kwa uso mmoja. Aliyeweza kununua tatu ameweza kutoa moja.

Ya pili ni kwamba mwenye uso alikubali. Alikubali nini? Bibi yangu alikubali kupigwa picha, na kwa mtu wa makamo yake kupigwa picha maana yake ni kupata picha. Hakuna aliyemweleza maana nyengine, na aliyepaswa kumweleza ni mimi.

Ya tatu huletwa na wenzangu wa mitaani: mgeni njoo, mwenyeji apone; usimwekee mgeni masharti, atakwenda kwengine. Mimi nauliza, mwenyeji aliyepona hapo ni yupi? Niliyepona ni mimi mwenye ujira. Aliyeketi barazani hakupona chochote.

Ya nne ni ya wale wanaosema basi tukataze, kamera zisiingie vichochoroni kabisa. Hao nawaheshimu, ila siwaungi mkono. Bibi yangu alipenda kupigwa picha. Alijifukiza udi kwa ajili yake. Kukataza kungemnyima vile vile.

Kuna msanii mmoja ambaye wapenzi wa filamu hii humtaja sana, Lucas Samaras wa New York. Katika miaka ya 1970 alizichukua picha za papo hapo zikiwa bado mbichi, akaisukuma dawa kwa vidole na vijiti mpaka sura ikapindika kama inayoyeyuka. Uso alioupinda ulikuwa wake mwenyewe. Basi anayetaka kujaribu aanze hapo. Na akitaka uso wa mtu mwengine, kanuni yangu ni fupi: karatasi ya kwanza ni ya mwenye uso, nzima, haikukatwa wala haikuroweshwa, naye aishike mkononi mpaka sura itokeze. Ya pili mgeni na aifanye apendavyo, baada ya mwenye uso kuelezwa itakavyofanywa. Asiyekubali kanuni hii na aende Forodhani akapige picha za majahazi.

Na sisi viongozi na wakalimani ndio wa kulaumiwa kwanza, kwani mgeni hajui lugha, sisi tunaijua. Tangu 2019 kila anayenijia na kamera ya namna ile namwambia sharti kabla hatujatoka mlangoni. Wawili wameondoka kwa hasira wakatafuta mwengine. Mmoja alikubali. Tulikwenda Makunduchi, na mzee tuliyemkuta aliishika karatasi yake kivulini zaidi ya dakika kumi bila kusema neno, mpaka sura yake ilipokamilika. Halafu akamwita mkewe aje aone.

Mdogo wake bibi bado yupo Maskati, mkongwe sasa. Kila anapopiga simu, baada ya kuuliza hali za watoto, huniuliza kama ile picha aliyoahidiwa na dada yake imepatikana. Humwambia bado naitafuta. Ni uongo wa pili juu ya ule wa kwanza.