Mgeni Akiuliza Chakula, Tunampeleka Hotelini

Wasomaji wenzangu, leo nimekuja na ugomvi, na ugomvi wenyewe nauanzia nyumbani kwetu, Kilwa Masoko.

Mgeni akishuka kwenye basi pale stendi huwa na maswali mawili. La kwanza ni boti ya kwenda Kisiwani. Hilo tunalijibu kifua mbele: tunamtajia Msikiti Mkuu, tunamtajia Husuni Kubwa, na kwamba magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1981. La pili ni hili: "Jamani, hapa mtu anakula wapi vizuri?" Hapo vifua vinanywea. Tunatazamana, kisha mmoja anasema: "Hapa hakuna chakula cha maana. Nenda hotelini, kule ufukweni."

Uongo mtupu! Mji wenye bahari mlangoni, wenye minazi, mihogo na mikorosho, eti hauna chakula?

Siwasemi wengine huku nikijificha. Nilipomaliza kidato cha nne nilikaa kijiweni, nikawa napeleka wageni hoteli moja, nao wananipa cha juu kwa kila kichwa. Siku moja nilikuwa na mabwana wawili kutoka Arusha, Watanzania wenzetu, wala si Wazungu. Tukapita mbele ya banda la mama yangu mdogo. Zilikuwa siku za bamvua, maji yamekupwa mbali, na kina mama walikuwa wametoka miambani na pweza. Yeye wake alikwishampiga, akamchemsha, sasa yumo ndani ya tui zito, na pembeni kuna ugali wa muhogo. Bwana mmoja akasimama, akanusa. "Hiki nini?" Nikamvuta mkono. "Achana nacho kaka, hicho chakula cha wavuvi."

Mama mdogo alisikia. Hakusema kitu. Alifunika tu sufuria.

Wale mabwana wakala chipsi kuku, chakula ambacho wangekipata hukohuko Arusha bila nauli. Wakati wa kuagana yule mmoja akaniuliza: "Na wewe unakwenda kula wapi?" Nikasema nyumbani. Kumbe nilirudi palepale bandani, na mama mdogo akanipakulia kama kawaida. Siku ile tonge lilikataa kushuka.

Ibn Battuta alipopita pwani hii mwaka 1331 hakuona haya kuandika habari za vyakula. Mogadishu alieleza wali wa samli, ndizi zilizopikwa kwa maziwa, achari ya ndimu, tangawizi mbichi na maembe. Kilwa alimsifu sultani kwa ukarimu, mtu aliyejulikana kama Baba wa Zawadi. Leo sisi tuliorithi mji ule tunamvuta mgeni mkono asisimame jikoni petu!

Wako watakaosema wageni wanaogopa matumbo. Basi tuweke maji ya kunawa na sabuni, tufunike vyakula, na bei iwe moja kwa mwenyeji na mgeni. Hayo hayahitaji mfadhili. Wengine watasema wageni ni wachache. Zamani udhuru huo ulikuwa na miguu, maana kuvuka Rufiji ilikuwa ni kusubiri pantoni. Lakini Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003. Njia ya kuja tulijengewa. Njia ya kwenda kwa mama ntilie tumeiziba wenyewe.

Nanyi waandishi chipukizi, msicheke. Hebu fungueni hadithi zetu: mashujaa wetu wote wanakula chipsi mayai na kunywa soda mjini Dar. Nani amewahi kumpeleka mpenzi wake kula ng'onda kwa ugali wa muhogo? Tunaona haya hata kwenye karatasi, mahali ambapo hakuna anayetuona! Mimi sura ya kwanza ya riwaya yangu nimeichana. Sasa wapenzi wale wamekaa kwenye benchi la mbao, moshi unawaingia machoni, na mazungumzo yao yamekuwa ya kweli zaidi.

Kwa wewe mgeni, iwe Masoko, Kivinje au Lindi mjini, usituulize sisi vijana wa stendi chakula kizuri kiko wapi. Tuulize sisi wenyewe tunakula wapi. Tazama wanakokaa wavuvi na madereva wa mizigo. Uliza leo bahari imetoa nini, na ule hicho hicho. Nenda mapema, kwa sababu sufuria ya mpishi mzuri haingoji mtu.

Mimi cha juu nimeacha. Mgeni aliyefuata nilimkalisha kwa mama mdogo, nikakaa naye, tukala sinia moja. Mama mdogo alimtazama mgeni, akanitazama mimi, kisha akaniuliza: "Leo si chakula cha wavuvi?"

Sikuwa na jibu. Ndiyo maana nimeandika haya.